Hakukubali Kumsingizia Mungu

Saa mbili asubuhi, fundi anasimamisha cherehani katikati ya mshono. Anaondoa miguu kwenye pedeli, anatundika mkasi ukutani, anachomoa waya wa pasi. Kisha anajilaza ubavu kwenye mkeka uliotandikwa nyuma ya mlango.

"Inakuja," anasema, kwa utulivu wa mtu aliyesikia hodi. "Usinishike, usinitie kitu mdomoni. Kaa tu, itapita."

Inakuja kweli. Mwili unakakamaa, unatetemeka, mwisho unalegea. Anapozinduka anapumzika hadi kichwa kitulie, anaomba maji, anajifunga upya kitambaa cha kichwa.

"Samahani. Tulikuwa tunazungumzia nini?"

Na kola ya mteja inaendelea kushonwa.

Ana kifafa tangu utotoni. Mtaani wanamwita Fundi Dada, jina alilopewa na mdogo wake, ambaye leo ndiye mchungaji wa kanisa lililo nyuma tu ya kibanda hiki. Wazazi wao walipofariki, yeye ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa kushona. Hata suti aliyovaa mdogo wake siku alipohubiri mara ya kwanza, aliishona yeye.

"Niliipiga pasi huku nalia," anasema akicheka. "Nusura niiunguze."

Miaka miwili iliyopita, mchungaji alimwombea dada yake mbele ya kanisa zima. Aliomba mpaka sauti ikamkauka, kisha akatangaza kwamba amepona. Watu walirukaruka kwa furaha. Mama mmoja jirani, ambaye binti yake pia huanguka, alisema wazi kwamba akishasikia ushuhuda tu, vidonge vya mwanawe anavitupa.

Jumapili iliyofuata fundi aliitwa mbele.

"Dada, waambie Bwana alivyokutendea," mdogo wake alisema, akimkabidhi kipaza sauti.

"Nilikishika kwa mikono yote miwili," anakumbuka.

Alisema: "Nilianguka tena Alhamisi, nikiwa nakata kitambaa. Namwamini Mungu, lakini siwezi kumsingizia kazi ambayo hajaifanya. Mama, usimnyime mwanao dawa."

Kipaza sauti kilizimwa. Kwaya ikadakia wimbo ambao haukuwa kwenye ratiba.

Jioni mchungaji alifika nyumbani kwake. Hakukaa.

"Dada, si ungenyamaza tu?"

"Wewe ndiye uliyenipa kipaza sauti, mdogo wangu."

"Umeniua mbele ya watu wangu."

Akaondoka. Hajakanyaga tena hapo.

Fundi aliondolewa kwenye kwaya aliyoimba tangu usichana wake. Sare za kwaya alizokwisha kuzikata zilichukuliwa, zikapelekwa kwa fundi mwingine. Ikanong'onwa kwamba ana pepo anayempinga mtumishi, na wateja wakapotea mmoja mmoja. Cherehani chake cha pili akakiuza.

Lakini kinachomuuma zaidi ni watoto wa mdogo wake.

"Walikuwa wanashinda hapa, wakinivurugia nyuzi. Siku hizi wakipita wanainamisha vichwa. Nawajua kwa sauti za viatu vyao tu."

Pamoja na hayo yote, kila Jumapili yumo ibadani. Anakaa benchi la mwisho, peke yake, anamsikiliza mdogo wake akihubiri, anaitikia amina.

Huwezi kumtazama usijiulize nguvu hizo anazitoa wapi. Kwake yeye hilo si swali.

"Niende wapi? Mungu nilimjulia pale pale. Na sikugombana naye."

Yule mama hakuvitupa vidonge. Alikasirika, akakaa muda mrefu bila kumsalimia fundi. Mwezi uliopita alitokea kibandani na binti yake, sasa mrefu kumpita, apimwe sare ya shule.

"Nilikuchukia," mama alimwambia. "Nilikuwa nimeshajiandaa kufurahi, ukaninyang'anya."

"Najua, dada yangu. Hata mimi nilikuwa nimejiandaa."

Akazungusha futi kiunoni mwa binti, akamwambia asimame wima.

Na yeye mwenyewe anatamani nini? Anafikiri, anakata uzi kwa meno.

"Namtaka mdogo wangu aniombee tena. Nitapiga magoti mbele ya watu wale wale, na nisipopona nitasema sijapona."

Anageuza kola, anaikagua mshono kwa mshono.

"Lakini siku nitakayosimama niseme nimepona, hakuna atakayenibishia."