Maria Bukuru Wawili

Ipo siku moja ya mwaka 2013, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka viganja hunilowa jasho. Nilikuwa kijana bado, nimesimama Kibondo nyuma ya kiti cha Sista Kiza, muuguzi mkuu wa zahanati moja ya binafsi, nikisubiri anisifie.

Zahanati hiyo ilikuwa na tawi Kasulu. Kila upande ulikuwa na kompyuta yake na hifadhidata yake ya wagonjwa, nazo hazikufanana. Kasulu waliandika kijiji cha mgonjwa, Kibondo hawakuandika. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu wa kujifunza kutengeneza programu za kompyuta ya mezani, kwa kitabu kilichokatika jalada. Nilipofanikiwa kuunda dirisha moja linalosoma hifadhidata zote mbili, nilijiona nimemaliza shule.

Kusoma tu hakukunitosha. Nilitaka ziwe moja. Nikaiagiza programu: ukikuta jina lile lile na mwaka ule ule wa kuzaliwa pande zote mbili, huyo ni mtu mmoja. Unganisha mahudhurio yake, na mengine yote chukua yaliyoandikwa karibuni. Jumamosi nikaiweka Kasulu ikiwa na wagonjwa wa pande zote mbili, Jumatatu asubuhi nikaiweka Kibondo. Idadi ya wagonjwa ilipungua kidogo, nami nikafurahi, nikidhani nimefagia takataka.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Maria Bukuru, mkulima wa kijiji cha Murungu, amekuja na kikohozi. Sista Kiza alisoma kwenye skrini, akamtazama miguu.

"Mama, kile kidonda ulichotibiwa Kasulu kimepona?"

"Kidonda kipi, Sista? Kasulu nimefika mara moja, kumzika mjomba. Hata soda sikunywa."

Sista Kiza hakucheka. Aligeuza kiti polepole.

"Kijana, wewe si Muha?"

"Ni Muha, Sista."

"Mimi naitwa nani?"

"Kiza."

"Nimezaliwa nyuma ya nani?"

Hapo nikaelewa kosa langu. Kwetu Waha anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Kiza, na pacha wa kwanza huitwa Bukuru, awe wa kike au wa kiume, nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji. Ongeza Maria wa ubatizo, ongeza mwaka wa kuzaliwa uliokisiwa na karani, kisha uniambie utapata akina Maria Bukuru wangapi. Hilo nililijua nyumbani kabla sijajua kusoma. Mbele ya kompyuta nililisahau.

Nilikuwa nimebaki na nakala ya zamani ya Kasulu kwenye flashi. Si kwa busara, mwanangu. Ni uvivu wa kuifuta. Niliifungua. Maria Bukuru wa pili alikuwa wa Muyama, mwenye kidonda mguuni. Kwenye nafasi ya tahadhari waliandika: asichomwe penisilini, alizimia. Katika programu yangu nafasi hiyo ilikuwa tupu, kwa kuwa Maria wa Murungu ndiye aliyeandikwa karibuni, na yeye hakuwa na tahadhari yoyote. Nikaangalia miadi ya yule wa Muyama. Ilikuwa Jumatatu hiyo hiyo.

Sista Kiza alinipa simu yake. Iliita Kasulu hadi ikakatika. Nikapiga tena, ikakatika tena. Sikuiona skrini wala chumba; nilimwona mwanamke nisiyemjua akianguka chini kwa sababu yangu.

"Usiniangalie mimi," Sista akasema. "Piga!"

Mara ya tano muuguzi wa Kasulu akapokea, akinung'unika kwamba ana foleni. Nikajitambulisha, nikamtajia jina la mgonjwa.

"Huyu hapa mbele yangu, nimeshavuta dawa. Kwani vipi?"

"Ni penisilini?"

"Ndiyo. Kwenye programu yako hajakatazwa kitu."

"Usimchome!" Nilipiga kelele hata Maria wa Murungu akainuka kwenye kiti.

 Kisha nikasikia sindano ikiwekwa kwenye sinia la chuma. Mlio ule ninao masikioni mpaka sasa.

Sista Kiza hakunifokea. Alisema tu, "Kutoka kiti chako hadi changu ni hatua tano. Ungeniuliza swali moja."

Kesho yake nilipanda basi kwenda Kasulu kuomba radhi. Maria wa Muyama alinikagua toka juu mpaka chini.

"Ndiye wewe uliyenihamishia Murungu? Haya, huko nina shamba kubwa kiasi gani?"

Benchi zima likacheka. Mimi nilitazama mguu wake uliofungwa bandeji, nikashindwa kucheka.

Niliiandika upya programu ile. Ikikuta majina yanayofanana huyaweka sambamba, halafu inasubiri mtu amuulize mgonjwa.

Basi sikia, mwanangu, wewe unayeanza kuunganisha hifadhidata za watu. Weka nakala kabla hujagusa kitu, tena kwa makusudi, si kwa bahati kama mimi. Jaribu kazi yako kwa majina ya kubuni. Usiipe programu ruhusa ya kuamua peke yake kwamba watu wawili ni mmoja. Na kabla ya yote, tembea zile hatua tano ukaulize. Woga ukikushika ukiwa karibu kubonyeza, usiuonee haya. Mimi ningekuwa nao Jumamosi ile, nisingeupata Jumatatu.

Mungu akutunzie macho na mikono. Na wote watakaopita katika kazi yako warudi kwao wazima, kila mmoja na jina lake.