Ndege Mpakani kwa Warigia

Warigia wa Wamagana hamwamini mtu. Ukimsalimia anakuuliza umetumwa na nani. Mimi Phyllis ni jirani yake tangu tuolewe huku, na bado nikienda kuomba chumvi ananichungulia kwanza dirishani. Lakini msimcheke. Tangu mumewe afariki, shemeji yake Theuri anakitamani kile kipande chake cha shamba kilicho tambarare, na huku kwetu kwenye milima tambarare ni adimu. Ndicho kinachomlisha, hana kingine. Kati yake na Theuri kuna mstari wa matooka tu, yale maua tunayopanda mpakani. Yakipandwa, wenye shamba wote wawili husimama hapo na mashahidi, na baada ya hapo mtu mwenye akili timamu hayagusi.

Basi asubuhi moja tulikuwa tumemaliza kuchimba viazi vyake tukasikia ndege ndogo ikikohoa juu. Ikakohoa tena, halafu kimya. Ngai! Ilishuka bila sauti, ikaponea chupuchupu kugonga miti ya mikima, ikagusa chini pale pale mpakani. Ikakimbia juu ya matooka ikiyang'oa, hadi ikaingia kwenye nepia, majani ya ng'ombe, na kuinamisha pua.

Akatoka kijana, damu kwenye paji la uso. Alisema anaitwa Mbuvi, ametoka Nanyuki, injini imekosa nguvu.

"Na ukaona ni hapa tu?" Warigia akamuuliza, jembe mkononi. "Tetu yote hii, ukachagua mpaka wangu?"

"Mama, ni hapa tu palikuwa sawa..."

"Ati palikuwa sawa! Nani amekutuma? Ni Theuri, si ndiyo? Uko na kamera ya kupima shamba huko ndani!"

Nikamwambia mtu anavuja damu, tumpe hata maji. Akaniuliza mimi nimetumwa na nani. Ala! Nilikasirika nusura niende zangu. Akamkalisha kijana wa watu juu ya gunia la viazi mbele ya nyumba, akamkodolea macho.

Theuri akaja mbio, mpole ajabu. "Pole sana, shemeji. Wewe chunga huyu mtu asitoroke. Mimi nitarudishia hayo maua, yasikauke."

Na Warigia, anayeshuku hata chumvi, akaitikia kwa kichwa. Nami nikaitikia. Nani angefikiri mtu angechezea matooka?

Polisi walipofika walimtaka Mbuvi awaonyeshe alivyotua. Tukaenda sote. Akasimama mpakani, akatazama chini, akakunja uso.

"Hapana," akasema. "Haya maua niliyakanyaga na gurudumu la kushoto. Yalikuwa yamenyooka, ndiyo nikayafuata kutoka juu. Sasa mbona yako huku?"

Tukaangalia. Alama ya gurudumu la kushoto ilitoka mikimani hadi kwenye nepia, imejaa majani ya matooka yaliyopondwa. Maua yenyewe yalikuwa yamesimama mbali na hapo, ndani kabisa ya shamba la Warigia, udongo bado mbichi. Theuri alikuwa na udongo hadi kwenye viwiko.

Niliona aibu, kwa sababu na mimi nilikuwa nimemwachia kazi hiyo. Nilingoja Warigia apige mayowe. Hakupiga.

"Ng'oa," akamwambia Theuri.

Akageukia polisi, kisha akatugeukia sisi. Hakuna aliyemtetea. Akainama, akang'oa moja moja, akayarudisha kwenye alama ya gurudumu huku sote tukitazama.

Warigia aliingia ndani, akatoka na kikombe cha chai ya maziwa. Akampa Mbuvi kwa mikono miwili. Kijana akachungulia ndani ya kikombe kwanza.

"Kunywa tu, mtoto wangu," Warigia akasema. "Mimi sijatumwa na mtu."