Bastola Mpya, na Ile Niliyoiita Bibi

Ilikuja ndani ya sanduku jeusi la plastiki, imelazwa kwenye sponji iliyokatwa kwa umbo lake, kama mtoto aliyetandikiwa kabla hajazaliwa. Ilinukia mafuta ya mashine. Jumamosi hiyo niliibeba kutoka nyumbani kwangu Ingleburn hadi uwanja wa klabu yetu ya shabaha, imefungwa kwa kufuli kwenye buti la gari kama sheria inavyotaka, na njia nzima niliendesha taratibu kama mtu aliyepakia keki ya harusi.

Najua msomaji wa nyumbani atashtuka. Kwetu bastola ni ya askari, ya jambazi, au ya tajiri mwenye hofu. Hapa Sydney, kwa mtu kama mimi, ni kitu cha mchezo. Ukiwaambia polisi unaitaka kwa sababu unaogopa wezi, leseni huioni. Wanaokuja uwanjani wengi ni wastaafu wenye kofia za jua, wanaotoboa karatasi asubuhi kisha wanakaa kwenye viti vya kukunja wakilalamikia magoti yao.

Nilisimama kwenye kibanda changu cha kulengea, nikaziba masikio, nikainua mkono. Risasi za mwanzo zilitoka vizuri. Kisha bastola ikakohoa, na ganda tupu la risasi likasimama wima mlangoni pake, limebanwa, kama mtu aliyefumaniwa akitokea dirishani. Nililiondoa. Nikafyatua tena. Likabanwa tena. Kufika mwisho wa asubuhi nilikuwa nimetumia muda mwingi kuchokonoa maganda kuliko kulenga, na wastaafu walikuwa wameanza kuangalia pembeni kwa adabu.

Mtani wangu peke yake ndiye aliyecheka.

Inabidi nimweleze mtani huyu, kwa sababu habari yote ni yake. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, yeye ni Msukuma. Watu wetu ni watani tangu enzi za mababu zake waliokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani, na utani huo haukuisha pale tulipopanda ndege. Alikuwa amenizidi miaka mingi, dereva wa malori ya makontena pale Port Botany, mwenye kifua kama mlango wa ghala. Mtu wa rika lake ningepaswa kumwamkia kwa heshima. Lakini mtani haamkiwi, mtani anatukanwa. Nilikuwa namwita mchunga ng'ombe asiye na ng'ombe. Naye alikuwa akisema Wazaramo waliuza minazi yote wakalipie ngoma, na mimi nimeuza mpaka ngoma yenyewe, ndiyo maana nimebaki naandika vitabu.

Mama yangu alipofariki, sikuwahi kufika mazishini. Niliyatazama kwenye simu, nimekaa sakafuni katika kijumba ninachopanga nyuma ya nyumba ya Mgiriki mmoja, na Watanzania wachache waliokuja hawakujua wanipe nini zaidi ya chai. Kisha akaingia mtani na sepetu begani. Alitoka hadi kwenye majani ya mwenye nyumba, akapima kwa miguu, akachora mstari. Akauliza mbona hakuna aliyemwonyesha mahali pa kuchimba kaburi, au Wazaramo siku hizi wanazika kwenye simu. Mgiriki alikuwa akichungulia dirishani mwake amekodoa macho. Nikacheka. Nilicheka mpaka kilio kilichokuwa kimegoma siku nzima kikapata njia, kikatoka.

Alipoondoka alichukua chupa yangu ya chai, ile nyekundu yenye maua ambayo mama alinifungia kwenye sanduku la safari. Akasema ni ujira wa mchimbaji. Ndivyo ilivyo, mtani msibani huchukua anachokitaka, na aliyefiwa hafungui mdomo. Tangu hapo chupa ile ilikuwa inakuja na yeye kila mahali. Nilikuwa nikiiona nafurahi. Katika mji huu sikuwa na ndugu mwingine wa kunitukana.

Ni yeye aliyenipeleka klabuni. Nilikuwa naandika riwaya yenye bastola ndani yake, na mwenzangu mmoja katika kundi letu la waandishi aliniambia kwamba bastola ile inanukia karatasi. Nilimlalamikia mtani, naye, mwanachama wa siku nyingi, akasema twende. Nilidhani nitakwenda mara moja tu. Sikutegemea kwamba kuna ukimya mahali pale, ukimya unaokuja baada ya kuziba masikio, pale pumzi inaposhuka na mkono unasubiri, na dunia yote inakuwa kitone cheusi katikati ya karatasi. Sala yangu haijawahi kuwa na utulivu kama ule, Mungu anisamehe.

Mwanachama mpya haruhusiwi kumiliki bastola yake. Miezi ya majaribio anatumia za klabu, chini ya macho ya mtu. Ile niliyopewa mimi ilikuwa kuukuu, rangi yake imechubuka mtutuni, mpini wake wa mbao umelika pale ambapo vidole gumba vya miaka mingi vimepumzika. Kulikuwa na kishimo kidogo kwenye ile mbao. Kidole changu kiliingia humo siku ya kwanza kama kimerudi nyumbani. Niliiita Bibi. Haikuwahi kukwama. Ilikuwa nzito kidogo mbele na ilivuta kushoto, lakini ukishaijua tabia yake unaivumilia, kama unavyomvumilia bibi anayerudia hadithi ileile.

Leseni yangu ilipotoka, nilimwambia mtani kwamba laiti klabu ingekubali kuniuzia Bibi. Tulikuwa kwenye maegesho, amekaa kwenye ngazi ya lori lake, anamimina chai kutoka kwenye chupa yangu. Alinitazama kwa huruma.

"Mtani," akasema, "yule kizee ana kikohozi cha kifua. Hata wakikuuzia, utamzika kabla ya Krismasi. Wewe mkono wako mchanga, tafuta mchanga mwenzio. Kipya kinyemi."

Nilimwambia kwamba methali hiyo ina mkia. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Akasema mkia ni wa ng'ombe, na mambo ya ng'ombe nimwachie yeye.

Nikamsikiliza. Niliomba kibali cha kununua, nikasubiri. Nilimbembeleza Mgiriki aniruhusu kutoboa ukuta wake ili nifunge kasha la chuma la kuhifadhia bastola, na kwa kuwa alikuwa bado anaikumbuka sepetu, haikuwa kazi nyepesi. Mtani mwenyewe alikuja na mashine ya kutobolea. Tulifunga kasha ndani ya kabati la nguo, nyuma ya magauni yangu. Akasema Mzaramo mwenye kasha la chuma ni sawa na Msukuma mwenye jahazi. Usiku ule nilimuombea dua.

Basi baada ya ile Jumamosi ya aibu, niliisafisha bastola mpya kila kona. Nilibadilisha aina ya risasi. Ikawa inakwama kidogo, kisha ikawa inakwama sana. Niliirudisha dukani, kwenye mtaa wa magereji na maghala upande wa Villawood, na muuzaji akaichukua hadi kwenye chumba chake cha majaribio, akafyatua magazini nzima ya risasi bila kusita. Ilimtii. Nilisimama pale nyuma ya kioo kama mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe akiwa shuleni ana adabu sana. Muuzaji akaniambia, kwa upole ambao ulinichoma kuliko dharau, kwamba bastola za aina hii zinataka mkono mkakamavu. Ukilegeza kifundo cha mkono inakwama. Huenda tatizo ni mkono wangu.

Niliondoka na mkono wangu. Wiki nzima niliutazama: ukishika kikombe, ukishika usukani. Nilikuwa nimeisubiri ile bastola kwa miezi, nimeiota, nimeitobolea nyumba ya watu, na sasa ilikuwa inanishitaki. Nilianza kuamini kwamba ule utulivu wote niliokuwa nao zamani haukuwa wangu. Labda ulikuwa wa Bibi.

Nikaona kuna njia moja ya kujua. Nimshike Bibi tena, nifyatue magazini moja tu. Kama mkono umeharibika, Bibi atasema. Kama bastola ndiyo mbovu, Bibi atasema pia.

Jumamosi iliyofuata nilimwendea mzee anayetunza silaha za klabu, Mwaustralia mwenye mikono ya madoadoa, nikamwomba ile ya mpini wa mbao. Akasema iliuzwa. Nikamuuliza lini. Akasema karatasi zake zilikamilika karibuni tu, ila makubaliano yalikuwa ya zamani, tangu leseni yangu ilipotoka. Alikuwa anaongea huku anapanga vizibo vya masikio, hana habari ya anachonifanyia.

"Kamati ilitaka kukupa wewe kwanza, kwa kuwa umeitumia kuliko wote," akasema. "Mwenzako akatuambia huitaki. Unataka mpya."

Nilimshukuru. Nakumbuka nilimshukuru.

Mtani alikuwa kibanda cha mwisho, ametandaza kitambaa, chupa nyekundu iko mguuni pake. Nilifika akiwa anafungua sanduku. Bibi alikuwemo. Amepigwa msasa. Mpini wote umesuguliwa, ukapakwa vanishi, unang'aa kama meza ya hoteli. Kile kishimo cha kidole hakikuwepo tena.

Aliniona nikitazama. Akacheka kile kicheko chake kikubwa, kile cha kwenye majani ya Mgiriki, na kwa kitambo kidogo nilitamani sana kiwe ni kilekile.

"Mtani hachukii," akasema. "Nimekuibia. Nitukane basi, yaishe."

Na kweli, hiyo ndiyo kanuni. Angeweza kuniambia siku ile kwenye maegesho kwamba anaitaka, ningemtukana ukoo mzima, ningempa. Nikaamua kwamba kama huu ni utani, una milango miwili, wa kuchukulia na wa kuchukuliwa. Nikanyoosha mkono juu ya meza.

"Sawa, mchunga ng'ombe," nikasema. "Na mimi nakuchukulia. Nipe Bibi nipige magazini moja, halafu nitajua nikutukane kiasi gani."

Alifunga sanduku. Hakulifunga kwa nguvu, alilifunga kama mtu anayefunga mlango mtoto amelala.

"Hapana," akasema. "Hii si chupa ya chai. Iko kwa jina langu, polisi wanajua. Sheria ya watu hairuhusu kuazimana."

Wastaafu wale hubadilishana bastola kila Jumamosi, palepale uwanjani, mbele ya msimamizi, kama majirani wanaoonjeshana mboga. Sheria haina neno nao. Alijua. Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo, siku zangu za mwanzo, aliponipa yake niijaribu. Upande wa pili wa kizuizi, bwana mmoja alikuwa wakati huohuo anampa mkewe bastola yake, anamrekebishia kiwiko.

Nilitazama uso wa mtani nikitafuta mahali ambapo utani umejificha. Hapakuwa na kitu. Alikuwa amechukua kwa mkono wa kwetu, na alikuwa anazuia kwa mkono wa huku. Nikarudi kwenye kibanda changu, nikapakia bastola mpya. Ilikwama. Nikaichokonoa. Machozi yalikuwa yananizuia kuona shabaha, na nikasema moyoni, angalau hili si kosa la mkono.

Hakuwa na shida ya bastola. Alikuwa na mbili tayari, nzuri kuliko ile. Nimefikiri sana kwa nini aliitaka, na jibu pekee ninalolipata ni kwamba aliniona ninavyoipenda. Sijamwuliza. Kuna maswali ambayo ukimwuliza mtani yanageuka kichekesho, na sikuwa tayari kuchekeshwa.

Wiki moja baadaye nilimkuta kwenye maegesho, amekaa kwenye ngazi ya lori. Akaanza kutoka mbali, kwamba naona Mzaramo amekuja, ngoma iko wapi. Nilikwenda mpaka mbele yake. Nikainamisha kichwa kidogo, kama mama alivyonifundisha nifanye kwa wakubwa.

"Shikamoo, kaka."

Alicheka, akasubiri. Alidhani kuna mkia. Nilisimama nikimtazama kwa heshima, mikono nimeikutanisha mbele. Kicheko kikaanza kumwishia, kwanza machoni, kisha kwenye kile kifua kikubwa. Lori la jirani liliwashwa, likaondoka, na bado nilikuwa nimesimama.

"Marahaba," akasema mwishowe. Alisema polepole, kama anayesaini mzigo ambao hakuuagiza.

Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema nzuri. Nikamtakia siku njema.

Bastola mpya bado ninayo. Muuzaji ameipeleka kwa wakala, imerudi, wanasema haina kasoro. Siku nyingine inapiga vizuri mpaka nasahau, kisha inasimamisha ganda lake mlangoni, na mimi nalitoa. Kama ni yenyewe au ni mkono wangu, sijapata kujua, kwa kuwa aliyekuwa anajua amepigwa vanishi.

Mwezi huu nilifika klabuni nikakuta kitu juu ya meza ya kibanda changu. Chupa nyekundu yenye maua. Nilitazama huku na huku. Lori halikuwepo. Kwetu mtani harudishi alichochukua msibani. Hajapata kurudisha, tangu mababu. Niliifungua. Ilikuwa imeoshwa, imekauka, haina hata harufu ya chai.