Siku Nne Nilizoficha Kina cha Bwawa

Mwanangu, ipo siku ninayoikumbuka kila nikisikia kijana akisema chama cha wanataaluma ni mahali pa kunywa chai tu. Hata mimi nilisema hivyo. Nilikuwa binti wa Kiirua mwenye cheti kipya cha upimaji, na sikuona wa kunifundisha.

Tulikuwa tukiondoa tope katika bwawa moja huko Mbeere, kwenye joto. Mashine ilielea juu ya maji, ikinyonya tope kwa bomba na kulitema nchi kavu. Kazi yangu ilikuwa kupima kina na kuweka maboya ya mpaka. Ng'ambo ya maboya ulikuwa mguu wa ukuta wa bwawa, na ukichimba hapo, udongo unaoushikilia ukuta unaondoka. Chini ya ukuta huo palikuwa na nyumba za watu na mashamba ya ndengu.

Mzee Njeru wa Manyatta, fundi wa siku nyingi katika bwawa jirani, alikuwa katibu wa chama cha watu wa kazi hii. Walikutana Jumamosi moja kila mwezi katika ukumbi wa kanisa mjini Embu. Alinialika mara tatu, nami mara tatu nikatoa udhuru. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi nilidhani guu langu ni la chuma.

Jumanne moja Nyaga, mwendesha mashine wetu, aliniita.

"Karimi, hayo maboya yako sawa? Naona kama tumekaribia ukuta."

"Endelea tu," nikamjibu. "Niliyapima mwenyewe."

Mchana nikashusha kamba yangu ya kupimia, nayo ikaenda chini kuliko ilivyopaswa. Nikarudia. Ikawa vilevile. Upepo wa wikendi ulikuwa umeyasogeza maboya, nami asubuhi sikuyakagua. Nikamwambia Nyaga arudishe mashine nyuma, bila kumweleza sababu. Kisha, Mungu anisamehe, nikaandika katika kitabu cha vipimo kina cha wiki iliyotangulia.

Jumamosi nikaenda mkutanoni. Usidhani nilikwenda kutubu. Nilitaka kujua kama kuna aliyesikia lolote.

Waliomba, wakanywa chai kwa nduma, yale magimbi ya kwetu, halafu Mzee Njeru akasimama. Kumbe ilikuwa desturi yao, kabla ya mambo mengine, mmoja aeleze alipokosea kazini. Akasimulia jinsi alivyofunga bomba vibaya mwezi ule, likafyatuka na kumvunja mwenzake mkono. Hakuna aliyecheka. Mmoja aliuliza alilifunga vipi, mwingine akaandika. Nikamtazama mzee yule mwenye mvi akijianika mbele ya watu wa umri wa watoto wake. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu, na maradhi yangu yangeua wasiokuwa na hatia.

Nikasimama. "Nimeacha mashine ichimbe mguu wa ukuta," nikasema. "Na kitabuni nimeandika uongo."

"Lini?" akauliza Mzee Njeru.

"Jumanne."

"Leo ni Jumamosi, mwanangu."

Akaelekea mlangoni. Wahandisi wawili wa chama walikuwa tayari wanachukua kofia zao. Tulipanda lori, wote kumi na mmoja, tukateremka Mbeere. Udongo wa ndani ya ukuta ulikuwa umeanza kuporomoka. Walifungua maji yapungue polepole, wakamwomba chifu azihamishe familia za bondeni, na kuanzia kesho yake tukajaza mawe na udongo wa mfinyanzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tuliuwahi ufa. Ukuta ulishika.

Mama mmoja aliyehamishwa alituletea uji. Sikuweza kuupokea kabla ya kumwambia kwamba aliyemhamisha ni mimi. Akanishikisha kikombe.

"Umesema kabla maji hayajasema," akaniambia. "Kunywa."

Kazi ilipoisha, Mzee Njeru aliniita kando. "Maboya kusogea ni upepo," akasema. "Zile siku nne ni zako."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kusimamishwa kazi, na nilisimamishwa kweli. Lakini chama hakikunitupa. Mzee alinichukua bwawani kwake, nikajifunza upya, na chama kikaweka kanuni kwamba maboya yapimwe kila asubuhi kabla mashine haijawashwa. Miaka mingi baadaye mpimaji mmoja alinieleza, bila kujua habari zangu, jinsi kanuni hiyo ilivyomwokoa. Nilirudi Kiirua siku hiyo nikiwa na furaha ambayo bado ninayo mpaka leo, hapa kwenye shamba langu la viazi.

Basi, jiunge na wenzako wa kazi, mwanangu. Cheti kinakupa kazi, lakini wenzako ndio wanaokuonyesha usiyoyaona. Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Kosa ukilificha linamfundisha mtu mmoja tena kwa kuchelewa, ukilisema linawafundisha wengi. Na mwenzako akisimama kukiri, usimcheke. Chukua kofia yako umfuate.

Mungu akupe wazee wasiokuficha makosa yao, na akupe moyo wa kuwa mmoja wao mvi zako zitakapoota. Kazi ya mikono yako isimlize mtu, na unapolala, ulale usingizi wa mtu aliyesema kweli.