Mwaka Walioniita Sabuni

Niseme mapema, ili asiyependa majigambo atafute kitu kingine cha kusoma: mwaka ule tulishinda, na mpira wa mwisho niliubeba mimi. Leo goti langu hunisumbua kila mvua ikikaribia, na bado sijutii hata kidogo. Wanaosema ilikuwa bahati hawakuwapo uwanjani.

Ilikuwa miaka ya kwanza baada ya vita. Chuo chetu cha ufundi hapa Kolwezi kilikuwa kimefunguliwa tena, nusu ya madirisha yana vioo na nusu yana maturubai. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na mipira miwili iliyochongoka huku na huku. Alituambia ni ya raga. Mpira unabebwa mikononi, ukikimbia nao unaangushwa, na kazi yako ni kuulaza chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Ajabu yake moja: mwenzako unayemrushia lazima awe nyuma yako. Kwenda mbele kwa kurusha nyuma, tulicheka hadi tukashika mbavu. Mjini wakauita mpira wa yai, na sisi kumi na watano tukajiandikisha, kila mmoja na wazimu wake.

Wazimu wangu ulikuwa mbio. Nilikuwa na mbio, tena nilijua kwamba ninazo, jambo ambalo ni baya zaidi. Mechi ya kwanza tulicheza Likasi, na dakika za mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi tatu. Nahodha wetu akanirushia mpira, na mbele yangu hapakuwa na mtu wala mbuzi. Macho yangu yakatangulia mstarini kabla mikono haijashika. Mpira ukaniponyoka, ukadunda, ukaingia mikononi mwa mtu wa Likasi, na tukashindwa. Hatujafika hata kwenye gari letu, watazamaji wao walikuwa wameshanibatiza Sabuni. Jina hilo lilifika Kolwezi kabla yangu, sijui lilipanda nini.

Baba yangu, mtu wa Maniema, Mwislamu asiyependa utani, alikuwa na lori moja la kuleta unga wa muhogo kutoka Kasaji. Malori yote ya njia ile yana maneno juu ya kioo cha mbele: ya kumshukuru Mungu, ya kumsifu mama, ya kuwatisha wenye wivu. La baba lilikuwa tupu. Alisema hajapata neno ambalo hatalionea haya kesho yake. Sasa akina mama wa soko la Kasaji wakawa wanamngoja wakicheka, "Tata ya Sabuni, leo umetuletea bipande ngapi?" kana kwamba baba wa Sabuni lazima auze vipande vya sabuni. Siku aliyorudi na habari hiyo hakugusa chakula.

"Mu jamaa yetu hakuna mutu anaitwaka sabuni," aliniambia. "Mi nilikupatia jina ya babu yako. Iko wapi sasa?"

Aibu ya Likasi haikuwa kitu mbele ya aibu ile. Niliapa kwamba sitaacha raga mpaka jina hilo nilizike, na baba apite Kasaji bila kuinamisha kichwa.

Aliyeniokoa ni nahodha. Alikuwa ametuzidi umri sote, tukimwita yaya, yaani kaka mkubwa, na kila likizo alichimba shaba kule Mutoshi. Jumapili moja alinijia nyumbani. "Kuya twende," alisema. "Utaona vile batu banapokeaka."

Nilichokiona ni wanaume waliojipanga kwenye mteremko wa shimo, kutoka chini hadi juu, ubavu kwa ubavu. Gunia la mawe ya shaba lilipanda kutoka mikono hii hadi ile. Unalipokea kwa upande mmoja, unalitoa kwa upande wa pili, na anayetoa hageuki kumtazama anayepokea. Anasikiliza tu. Mpokeaji akiwa tayari anaita, "Kuya!" yaani njoo. Bila neno hilo gunia haliachiliwi, maana likidondoka litamwangukia mtu aliye chini.

Waliniingiza mstarini. Gunia la kwanza nililinyooshea vidole.

"Hapana vidole!" yaya alifoka. "Vidole ni ya kukulia bukari! Gunia tunapokeaka na tumbo. Na macho ikale ku gunia, hapana ku njia!"

Nilirudi Jumapili tatu. Wachimbaji walicheka, wakauliza mtoto wa mwenye lori anatafuta nini mavumbini. Tumbo langu liligeuka rangi ambayo mama hakuipenda. Lakini halikudondoka gunia hata moja, na siku ya tatu nilikuwa napokea huku nikipiga soga. Furaha niliyokuwa nayo jioni ile siwezi kuificha.

Mwalimu wa hesabu alipoona ninavyodaka mazoezini, aliamuru timu nzima iite "Kuya!" Kuanzia hapo msimu ukawa wetu. Lubumbashi tuliwashinda kwao, mvua ikinyesha. Wakamlalamikia refa kwamba tunaongea mno, naye akafungua kijitabu chake cha sheria, akatafuta wee, asione kosa. Chuo kimoja baada ya kingine kilichapwa, mpaka ikabaki fainali, kwetu, na wapinzani wakawa Likasi walewale.

Uwanja wetu ulikuwa chini ya vilima vya mabaki ya mgodi, na nguzo zake zilikuwa za mikaratusi. Baba akatokea na lori limejaa unga. Alisema injini imepata moto, lazima ipoe kidogo. Injini ile haikuwahi kupata moto tangu ainunue. Watu wakapanda juu ya magunia, naye hakuwafukuza.

Zikabaki dakika mbili, tuko nyuma kwa pointi nne, na kuulaza mpira chini ni tano. Yaya alichomoka na mpira. Watu wa Likasi waliponiona namfuata wakaanza kunizomea, "Sabuni! Sabuni!" Yaya akakamatwa miguu. Nikaita kwa sauti yote niliyojaliwa, "Kuya!" Aliachia mpira bila kugeuka, na nikaupokea kwa tumbo. Wa kwanza alinishika jezi, nikateleza. Wa pili akashika kiuno, nikateleza. Wa tatu alikumbatia hewa. Hapo upande wetu ukalipuka: "Sabuni haishikike! Sabuni haishikike!" Nikaulaza mpira nyuma ya mstari, nikalala juu yake, nikalia kwa furaha mbele ya mji mzima.

Mechi ilipokwisha baba aliwasha injini, akaondoka na unga wake. Jumatatu asubuhi nilitoka kwenda chuoni nikamkuta yuko kwenye usukani, safari ya Kasaji. Juu ya kioo cha mbele, kwa rangi nyeupe ambayo haijakauka vizuri, palikuwa pameandikwa SABUNI, na ile N ameigeuza.

"Baba," nilimuuliza, "na jina ya babu?"

"Ya babu ni ya nyumba," alisema. "Hii ni ya barabara."

Akapiga honi mara tatu, akaondoka kwenda kuwajibu wale akina mama.