Silabi Niliyoiruka

Mwaka wa 2023, mvua ndefu zikiwa zimeanza kuiloanisha Eldoret, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na minane na miezi miwili, na nakiri mapema, kabla hamjayasikia kwa majirani zangu (ambao huongeza chumvi), kwamba katika umri huo wa busara nilikaribia kuibomoa nyumba yangu mwenyewe, pamoja na nyingine kumi na moja, kwa kalamu.

Marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa akinisomea barua. Alipofariki, mwaka wa 2009, ilikuja barua ya dada yangu, nikamwomba jirani mmoja anisomee, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unaijadili ndoa ya dada yangu kabla mimi sijamaliza kumlilia. Nikaapa neno "nisomee" halitatoka tena kinywani mwangu. Mwaka wa 2011, nikiwa na miaka arobaini na sita, niliingia darasa la ngumbaru, lile la watu wazima, nikatoka na cheti, na cheti hicho nimekitundika sebuleni, juu kidogo ya picha ya harusi (marehemu angeelewa).

Basi Jumanne, tarehe 18 Aprili, akaja binti mmoja, afisa wa mradi wa soko jipya, amebeba fomu za maoni. Laini yetu, nyumba kumi na mbili nyuma ya mtaa wa West Indies, ilikuwa imechorwa kwenye ramani yao kama mahali pa kuegeshea magari. Sote tulipinga, kwa maana hatukuwa na pengine pa kwenda. Binti akaniuliza kwa adabu, "Mama, nikusomee?"

Nisomewe? Mimi?

"Binti," nikamwambia, "ziache zote hapa. Kesho utazikuta zimejazwa."

Swali lilikuwa moja tu: *Je, unapinga kutobomolewa kwa nyumba yako?* Chini yake, Ndiyo na La. Miwani nilikuwa nimeivaa, sitaisingizia. Jicho liliona "unapinga", likaona "bomolewa", na ile "to" iliyojibanza katikati likairuka kama mtu aliyechelewa ibada anavyoruka dimbwi. Nikaweka alama kwenye Ndiyo, alama nzito ya mtu aliyesoma. Kisha majirani wakaja, wa kwanza Mama Nekesa anayeuza mitumba, wa pili Mzee Abdi mwenye duka, na wengine wote nyuma yao, nikawajazia, Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo, wao wakiweka sahihi na kunishukuru, na kwa kuwa chini ya kila karatasi palikuwa pameandikwa "maoni yenu zitahifadhiwa", nilitoa kalamu nyekundu nikasahihisha: *yatahifadhiwa*. Mara kumi na mbili.

Jumatano, tarehe 3 Mei, nilikuwa dukani kwa Mzee Abdi nikinunua sukari, Mama Nekesa kando yangu, wakati redio ilipotangaza habari za mji: wakazi wa laini moja wamekubali kwa kauli moja nyumba zao zibomolewe. Nilicheka hadi nikashika kaunta.

"Kweli wajinga hawajaisha! Ni laini gani hiyo, Mzee?"

Mzee Abdi akazima redio. "Imesema nyumba kumi na mbili, Mama Rispa. Nyuma ya West Indies." Akapima sukari yangu polepole. "Hao wajinga ni sisi."

Mama Nekesa akanigeukia. "Si ni wewe ulituandikia? Si ulisema tuweke sahihi hapa, mambo imeisha?"

"Mambo yameisha," nikamsahihisha (Mungu anisamehe, ulimi ulikuwa umezoea).

"Ndiyo, Mama. Yameisha. Hiyo hata mimi naona."

Kulikuwa na njia rahisi, na Mama Nekesa aliitaja kabla hatujatoka dukani: tuseme yule binti alitudanganya. Lakini mwandiko ulikuwa wangu, na wino mwekundu pia, na binti alikuwa na kazi ya kupoteza. Nilikwenda nyumbani nikasoma nakala niliyobaki nayo, safari hii nikifuata kila herufi kwa kidole, na hapo nikaiona, hiyo "to", ikinitazama.

Ijumaa, tarehe 5 Mei, saa nne asubuhi, ulikuwa mkutano wa mwisho wa mradi na wakazi. Baada yake maoni yangefungwa. Ukumbi ulijaa. Kabla sijaomba nafasi ya kusema, mwenyekiti wa mradi aliniita mbele, akanivika kofia ngumu ya njano ya wajenzi, akautangazia umma kwamba mimi ndiye mfano wa raia mwema. Watu wakapiga makofi. Nilikubali kofia. (Naam, niliinamisha hata kichwa.)

Kisha nikashika kipaza sauti. "Sikuunga mkono. Nilisoma vibaya. Niliwasomea na wenzangu vibaya."

Yule binti akasimama, uso umemparama. "Lakini Mama, mlitusahihishia hadi Kiswahili! Ndiyo tukasema, hawa wamesoma fomu vizuri kuliko watu wote."

Ukumbi ulicheka hadi mabati yakaitikia. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mwalimu, kwanza vua kofia!" Kumbe nilikuwa bado nimeivaa. Nikaivua, nikasimama pale pale hadi kicheko kikaisha, nikaomba fomu mpya kumi na mbili, zisomwe kwa sauti mbele ya kila mwenye nyumba. Binti akazisoma. Mimi nilikaa kwenye benchi, mikono mapajani, bila kalamu. Tangu siku hiyo mtaani naitwa Mama To, na naitika.

Jibu lilikuja Alhamisi, tarehe 22 Juni, mwaka huo huo, barua yenye muhuri, nami nikiwa na miezi minne juu ya miaka yangu hamsini na minane. Majirani wote walikusanyika mlangoni kwangu. Niliifungua, nikaona mstari wa tatu: *imeamuliwa kutobomolewa kwa nyumba*. Nikausoma mara mbili. Kisha nikampa barua Mama Nekesa, aliyeacha shule darasa la nne.

"Nisomee," nikamwambia.

Akanitazama kwanza, halafu akasoma, kidole kikitambaa chini ya maneno. "Ku. To. Bo. Mo. Le. Wa."

"To iko?"

"Iko, Mama."