Tonge la Kwanza

Kwa miaka kumi na miwili mimi na jirani yangu wa duka, mama mmoja wa Magomeni, tulikula mchana kwenye sinia moja, hapahapa Kariakoo, katikati ya majora ya vitenge vyetu. Alikuwa akinitania kwamba yeye analeta chakula, mimi naleta maneno.

Kisha nikafanyiwa upasuaji wa uvimbe chini ya sikio. Kidonda kilipona vizuri. Siku niliyorudi dukani alinipikia wali wa nazi na samaki. Tonge la kwanza tu, maumivu yakanipiga tayani kama shoti ya umeme, uso ukajikunja, machozi yakanitoka. Kufikia tonge la nne yalikuwa yamekwisha.

"Chumvi imezidi, shoga?"

"Wala, kitamu."

Daktari alisema ni mishipa ya fahamu iliyoguswa wakati wa kutoa uvimbe. Kila mlo tonge la kwanza litauma, na huenda siku moja likaacha lenyewe. Ningemweleza shoga yangu kwa maneno mawili, lakini nina kiburi, na nilishachoka kuonewa huruma. Nikabuni ujanja wangu: kabla hajafunua sinia naingia stoo na kipande cha chapati, naumia huko peke yangu, ndipo natoka kula naye.

Siku moja alinifuata stoo. Akanikuta nyuma ya marobota, mdomo umejaa.

"Kumbe unakula kwa kujificha," alisema. "Kama chakula changu unakiogopa, si ungesema?"

Hapa kwetu anayekula mafichoni ni mchoyo, au anaogopa kuwekewa kitu. Yote mawili ni matusi. Taya lilikuwa bado limenikaza, na lilipoachia alikuwa ameshaondoka. Jioni ningeweza kumfuata. Nikamsubiri yeye aje kuniuliza, na ujinga huo ulikuwa wangu, haukuletwa na mshipa wowote. Sinia haikurudi. Nilikula peke yangu mwaka mzima, na hilo liliniuma kuliko taya.

Wiki iliyopita niliuma kipande cha muhogo, nikafumba macho kusubiri. Maumivu hayakuja. Nilitoka mbiombio hadi mlangoni kwake, muhogo mkononi, nimwambie. Alikuwa anakula na muuza viatu wa duka la pili. Aliinua macho.

"Karibu," akasema, kwa sauti ileile anayomkaribishia kila mpita njia.

Nikamjibu kama mpita njia. "Asante, endeleeni."